Gari na helikopta za rimoti ukiwa Mtwara: uchague nini, uboreshe nini kwanza

Gari langu la kwanza la rimoti liliishi siku tano. Siku ya tano ilikuwa Jumapili ya bamvua: maji yamekupwa mbali pale Shangani, mchanga umelala mgumu kama sakafu, nikaona uwanja ndio huu. Lilikimbia kama dakika kumi, likakata kona ndani ya kidimbwi cha maji ya chumvi, likazima. Nilipolifungua nyumbani nikakuta bodi moja ya saketi iliyobeba kila kitu: kipokea mawimbi, kidhibiti mwendo, hadi waya za usukani, vyote vimechomelewa humo humo. Kilichoungua kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Nililitupa gari zima, kwa sababu aliyeniuzia hakuwa na spea hata ya tairi.

Kutoka Mtwara mjini hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 550. Lindi ni karibu zaidi, lakini kwenda na kurudi nako kunakula siku. Kwa hiyo naanza na swali ambalo wauzaji wengi hawapendi kuulizwa: hiki kikivunjika, kingine nakipata wapi?

Toi au gari la hobi?

Kabla ya kutoa hela, omba gari livuliwe ganda. Ukiona vitu vinne tofauti vilivyounganishwa kwa plagi, yaani mota, kidhibiti mwendo, kipokea mawimbi na sevo (kile kijisanduku chenye mkono unaosukuma magurudumu ya mbele), hilo ni gari la hobi. Kimoja kikifa unachomoa, unachomeka kingine. Ukiona bodi moja tu iliyobeba vyote, mara nyingi hilo ni toi, hata kama kwenye kasha wameandika kilomita 60 kwa saa.

Kisha shika rimoti, geuza usukani kidogo sana. Magurudumu yakifuata kidogo vilevile, sawa. Yakiruka mpaka mwisho wa kona kwa mguso mdogo tu, rudisha.

Jaribio la tatu ndilo ninaloliamini zaidi: uliza namba ya spea ya mkono wa chini wa gurudumu la mbele. Ndio unaovunjika mapema kuliko kitu kingine chochote. Kampuni kama Tamiya ya Japani na Traxxas ya Marekani huchapa mchoro wa gari lililotawanywa vipande, kila kipande na namba yake. Ndiyo maana Traxxas Slash iliyotoka 2008 na chasisi ya Tamiya TT-02 iliyotoka 2013 bado zinachezewa na spea zake bado zinauzwa. Kwa mfuko mdogo kuna WLtoys 144001 ya China, chasisi ya chuma, mota ya brashi, betri ya volti 7.4, na spea zake zinaagizwa mtandaoni kwa mafungu. Sina undugu na yeyote kati yao. Muuzaji akikujibu "spea zipo tu", mwambie akuoneshe.

Namba kama 1/10 au 1/14 ni kipimo cha udogo: gari la 1/10 ni sehemu moja ya kumi ya lile la kweli, kwa kawaida urefu wa sentimita 40 hadi 57. Kwa anayeanza ningemshauri 1/10 au 1/14. Yale ya 1/24 ni matamu sebuleni, ila nje kokoto moja inalipindua.

Chagua kwa kuangalia ardhi

Ukitoka kwenye lami mjini hapa, mbele ni mchanga. Gari la mbio za lami lenye tumbo la milimita tano juu ya ardhi litakwama kabla hujafika kona ya pili. Hilo muachie mwenye uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu. Chukua aina ya pikapu au gari la matairi makubwa, lenye tumbo lililoinuka na gia kubwa iliyofunikwa pande zote. Gia iliyo wazi ikimeza chembe ya mchanga, meno ya plastiki yanasagika kama mahindi.

Magurudumu mawili yanayovuta au manne? Manne yanashika mchanga vizuri zaidi. Mawili yana vyuma vichache vya kuvunjika na yanakufundisha kutumia kidole kwa adabu. Mimi ningeanza na mawili, ingawa rafiki zangu wa Ligula wananicheka.

Chini ya mikorosho ni pazuri, kivuli na ardhi tambarare, lakini ondoa majani makavu kwanza. Yanajisokota kwenye ekseli. Na kuanzia Juni, wakulima wakishaanza kupuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiri, kaa mbali na mashamba hayo. Salfa huifanya shaba kuwa nyeusi, na shaba ndiyo iliyo kwenye plagi na waya zako. Zaidi ya hapo, mwenye shamba hatafurahi kuona gari lako likirusha vumbi lile kwenye maua yake.

Rimoti isikuumize kichwa. Iwe ya masafa ya gigahezi 2.4, basi. Zile za zamani za megahezi 27 zilikuwa zinagongana, gari lako linafuata rimoti ya jirani. Kumbuka tu kuwasha rimoti kwanza na kuizima mwisho, usije ukafukuza gari lililojiendea lenyewe kuelekea mtaroni.

Betri na chaja

Watu humaliza pesa yote kwenye gari, kisha wananunua chaja ya kuokoteza. Mimi hutenga theluthi moja ya bajeti kwa betri mbili na chaja ya maana.

Betri za nikeli zina volti 1.2 kila seli. Sita zinatoa 7.2. Zinavumilia uzembe na zinamfaa mtoto. Betri za lithiamu polima, zile laini kama pochi, ni nyepesi na zina nguvu, kila seli volti 3.7. Seli mbili ni 7.4, tatu ni 11.1. Hizi zina masharti, na masharti yake hayana mjadala:

Seli iliyojaa ni volti 4.2, usipite hapo. Ikishuka chini ya 3.0 inaanza kufa, kwa hiyo hakikisha kidhibiti mwendo chako kina kikomo cha lithiamu na kimewashwa. Kidhibiti cha zamani cha betri za nikeli kitainyonya mpaka iishe kabisa.

Chaja iwe ya kusawazisha seli, ile inayotumia plagi ndogo nyeupe pamoja na ile kubwa. Betri ya 5000 mAh (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) ichaji kwa ampea 5, ya 1500 mAh kwa ampea 1.5. Itajaa kwa muda wa saa moja hivi. Kuharakisha ni kuifupishia maisha.

Betri ikikaa siku kadhaa bila kutumika, iache kwenye volti 3.8 kila seli. Usiiache imejaa, usiiache tupu, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto letu la Desemba linatosha kuivimbisha, na iliyovimba haichajiwi tena.

Lithiamu ikishika moto haisikii maji ya glasi. Mimi huchaji ndani ya chungu kikuukuu cha udongo kilichowekwa juu ya saruji, ndoo ya mchanga ikiwa kando, na siondoki. Mke wangu aliuliza chungu chake kimekwenda wapi, nilimnunulia kingine.

Ukinunua chaja, angalia kama inakubali pia umeme wa volti 12. Siku umeme ukikatika, unaifunga kwenye betri ya sola na maisha yanaendelea. Anayekuletea betri kutoka Dar kwa ndege mwambie azibebe mkononi, ncha zimefunikwa kwa utepe wa gundi. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege.

Kwenye betri utaona pia namba yenye C. Zidisha na ujazo: 5000 mAh yenye 25C inadai kutoa ampea 125. Watengenezaji huikuza namba hiyo, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu yake pekee.

Kuboresha: fuata foleni hii

Kosa la kila anayeanza ni kukimbilia mota. Mota ni ya mwisho.

Anza na beringi. Magari mengi ya bei nafuu, na hata matoleo mengi ya TT-02, hutoka kiwandani na bushi za plastiki. Mchanga ukiingia, tundu linapanuka, gurudumu linacheza, mota inajitesa kusukuma. Weka beringi za gololi. Za TT-02 nyingi ni za kipenyo cha nje milimita 11 na cha ndani 5. Za gari lako zimeandikwa kwenye kijitabu. Kwa huku pwani chagua zenye kifuniko cha mpira. Zile za kifuniko cha chuma zinazunguka kwa wepesi zaidi, lakini baada ya wiki mbili za vumbi la chumvi zinalia kama milango ya zamani ya Mikindani.

Ya pili ni plagi. Ile nyeupe ya plastiki inayokuja na betri za nikeli hupata moto na kuyeyuka ukiweka lithiamu. Badilisha iwe XT60, aina ya plagi inayobeba umeme mwingi. Fundi simu anaweza kukuchomelea, lakini hakikisha chuma chake kina wati 60 au zaidi. Kile cha kuchomelea simu hakipashi waya nene, na risasi itabaki imekaa juu juu tu. Upande wa betri, kata waya mmoja, uuchomelee na kuufunika, ndipo ukate wa pili. Ukikata yote miwili kwa mkasi mmoja, utaona cheche ambayo hutaisahau.

Tatu, shokomzoba. Zile za springi tupu hulirusha gari kama mpira. Weka za mafuta ya silikoni: jaza, pandisha na kushusha mkono wake polepole mpaka viputo viishe, kisha funga. Usitie mafuta ya injini wala ya kupikia, yanavimbisha vijipete vya mpira vya ndani.

Bampa ya mbele usinunue. Chukua kandambili iliyokatika, kata kipande kwa kisu kikali, kifunge kwa skrubu mbili. Watoto wa hapa wamekuwa wakitengeneza magurudumu ya magari ya waya kwa kandambili tangu sisi wadogo, na sponji ile inameza kishindo vizuri kuliko plastiki ngumu.

Sevo ibadilishwe ikianza kutetemeka au meno yakikatika. Chukua yenye gia za chuma. Matairi vilevile, yakiisha ndipo ubadilishe. Ama mikono na vishikizo vya aluminiamu vinavyong'aa, mimi siviweki. Plastiki nzuri hupinda na kurudi. Aluminiamu hupinda na kubaki, au inahamishia kishindo kwenye chasisi, ambayo ni ghali kuliko mkono.

Sasa mota. Mota ya brashi ni rahisi na inatosha kwa mwaka wako wa kwanza. Isiyo na brashi haina kaboni za kuisha na ina nguvu zaidi, lakini inadai kidhibiti mwendo cha aina yake, kwa hiyo nunua vyote viwili kwa pamoja. Namba ya KV inakueleza mizunguko kwa dakika kwa kila volti bila mzigo. Mota ya 3000 KV kwa volti 7.4 ni mizunguko 22,200. Kwa volti 11.1 inafika 33,300. Ekseli na gia zilizotengenezwa kwa ile ya kwanza hazikuahidi kuivumilia ya pili.

Na gia ndogo ya mota: ukiongeza meno yake, gari linakwenda kasi zaidi na mota inapata joto zaidi. Niliwahi kuongeza meno manne kwa mpigo, nikapeleka gari kwenye mchanga laini, nikasikia harufu ya waya ulioungua kabla sijaona moshi. Ongeza jino moja, yasizidi mawili. Weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zisukume zikutane, kaza skrubu za mota, toa karatasi. Nafasi itakayobaki ndiyo inayotakiwa. Kimbiza dakika tatu, simamisha, gusa mota. Ukishindwa kuweka kidole kwa sekunde tatu, rudisha gia ya mwanzo.

Chumvi

Ushauri wangu ni usiende ufukweni. Najua utakwenda.

Mzee mmoja mvuvi alinikuta nimekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, napangusa gari kwa fulana. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "hiyo injini huioshi kwa maji baridi? Sisi mashine ya boti tukirudi tunaiosha." Nilikuwa nafuta tu. Kufuta kunasukuma chumvi ndani ya beringi.

Kwa hiyo ukirudi: toa betri kwanza. Ikiwa kijitabu kinasema vifaa vya umeme havipitishi maji, mwagia gari maji baridi ya bomba kwa kopo, taratibu, ukizungusha magurudumu kwa mkono. Ikiwa havizuii maji, ondoa kidhibiti na kipokea mawimbi, au osha sehemu za chini tu kwa brashi ya mswaki iliyolowa. Tikisa, weka kivulini penye upepo mpaka kesho yake. Kisha tone moja la mafuta mepesi kwenye kila beringi na kwenye ncha za mhimili wa mota, na upanguse skrubu kwa kitambaa chenye mafuta hayo hayo. Yote hayo hayazidi robo saa ya kazi. Bila hayo, skrubu zitashika kutu na bisibisi itakula vichwa vyake, nawe utaanza kuzitoboa kwa drili.

Helikopta

Hapa punguza majivuno. Gari likikushinda linasimama. Helikopta ikikushinda inaanguka.

Zipo za ngazi tatu. Ya kwanza ina mapanga ya juu mawili yanayozunguka kinyume, kila moja likifuta mzunguko wa mwenzake, kwa hiyo inatulia yenyewe. Syma S107 ndiyo maarufu: betri ya volti 3.7 na 150 mAh. Rimoti yake ni ya infraredi, kama ya televisheni, na jua letu huifanya ipofuke. Irushe ndani tu.

Ya pili ina panga moja la juu na kipanga cha mkiani kinachozuia mwili usizunguke. Chukua yenye njia nne (kupanda na kushuka, mbele na nyuma, ubavuni, na kugeuza pua) na gigahezi 2.4, kama WLtoys V911. Hapa ndipo utajifunza kweli. Ya tatu hubadilisha ulalo wa mapanga yenyewe, inaweza kuruka kichwa chini, na inaweza kukukata. Isubiri mwaka mmoja, na kabla ya hapo fanya mazoezi kwenye programu ya kuigiza kwenye kompyuta.

Usiinunue bila spea hizi siku hiyohiyo: mapanga seti mbili, mhimili mkuu, gia kuu, miguu ya kutulia na bomba la mkia. Kuboresha kwake ni kudogo. Betri kubwa zaidi inaongeza uzito na kumeza faida yake, na vichwa vya aluminiamu nimeshasema. Panga likichanika ukingo hata kidogo, badilisha. Mtetemo wake unaichanganya jairo, kile kifaa kinachoutuliza mkia.

Kujifunza, tafuta ukumbi mtupu. Ukifahamiana na mwenye ghala la korosho, kabla ya msimu kuanza lile ndilo bora kuliko yote: pana, sakafu laini, halina upepo. Simama nyuma ya mkia. Ongeza nguvu mpaka miguu iwe myepesi, uone inaelekea wapi, ishushe, rekebisha vitufe vya usawa. Rudia. Kisha ipandishe moja kwa moja hadi kimo cha kiuno, kwa sababu karibu na sakafu upepo wa mapanga yake hurudi na kuiyumbisha. Ibakize hapo, mkia kwako, kwa betri kumi nzima. Baadaye ipinde ubavu, na mwisho kabisa pua ikuelekee, ambapo kushoto kwake ni kulia kwako na akili inagoma. Ukiona inaanguka, shusha nguvu mpaka sifuri kabla haijagusa. Mapanga yaliyosimama hayavunjiki kirahisi.

Nje, ruka asubuhi kabla ya saa tatu, na kipindi cha maleleji, upepo ukiwa umetulia, kuliko cha kusi, ule upepo mkali wa kusini. Kaa mbali na uwanja wa ndege na bandari, na kwa chochote kinachotoka nje ya uwanja wako, waulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Vyombo visivyo na rubani vina kanuni zake nchini.

Mimi nilipuuza hilo la kusi mwezi Julai. Ilipanda juu ya paa la jirani, upepo ukaichukua, ikakaa kileleni mwa mnazi. Mkwezi aliyeitwa alipanda, akaishusha, akashusha na madafu mawili ambayo sikumwagiza, akadai hela ya vyote. Bomba la mkia lilikuwa limekatika. Nilikuwa na jipya kwenye mfuko wa spea, nikalifunga palepale chini ya mnazi huku nakunywa dafu.